Usichome Barua za Bibi

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kumzika mama mkubwa. Baada ya kuanua matanga, sisi wanawake tulisafisha nyumba. Chini ya kitanda tulikuta sanduku la bati lililojaa karatasi. Shangazi akasema ni takataka za zamani, akazipeleka jikoni kuwashia moto. Hakuna aliyemzuia, hata mimi.

Nilipoingia jikoni niliona bahasha ambazo moto haujazifikia. Stempu zake zilikuwa na majina matatu: Kenya, Uganda, Tanganyika. Mihuri ilisomeka Tanga. Zilikuwa barua za baba mkubwa alipokwenda kukata mkonge kabla ya Uhuru. Niliokoa nne tu.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba bahasha ni shahidi. Wako watu duniani wanaokusanya bahasha za nchi yetu, hasa za miaka ambayo utawala wa Wajerumani ulikuwa unaanguka. Na sehemu ya habari hiyo ilianzia hapo hapo Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilifika na kuipiga meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Habari ilikuwa haijamfikia!

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza kutoka Nyasaland na Rhodesia yaliingia kusini mwa nchi, na mwezi Septemba yakachukua Songea. Askari wao walitumia stempu za Nyasaland zilizopigwa chapa ya herufi N.F., yaani Jeshi la Nyasaland. Ng'ambo ya kusini ya mdomo wa Ruvuma, Wareno walipoichukua Kionga mwaka huo huo, nao walitoa stempu zao zenye jina hilo. Kisiwani Mafia Waingereza walikwisha kufanya hivyo mwaka 1915.

Wajerumani nao waliishiwa stempu kwa sababu bahari ilikuwa imezingirwa. Wakaomba kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Vuga, Usambara, kiwachapie. Kabla hazijatumika, meli ikapenya na kuleta shehena mpya. Zile za Vuga zikafukiwa ardhini, na baada ya vita zikafukuliwa na kuuzwa Ujerumani.

Baadaye zikaja stempu zenye herufi G.E.A., na mwaka 1922 zile za twiga zenye jina Tanganyika. Hivyo ndani ya miaka minane barua ya nchi hii iliweza kubeba alama za watawala mbalimbali, na mwananchi ni yule yule.

Basi, mama mwenzangu, ukikuta barua za kale nyumbani, iwe Mbinga, Mbamba Bay au kwingineko, fanya haya:

Usibandue stempu. Muhuri wa posta ndio unaoeleza barua ilitoka wapi na lini. Stempu ikitengwa na bahasha, ushahidi umepotea.

Usizibandike kwa gundi wala utepe wa plastiki. Ziweke katika bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu, mbali na mchwa na moshi.

Andika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni: nani alimwandikia nani. Waulize wazee wangali hai.

Usiuze kwa haraka kwa mpita njia. Wala usinunue kwa haraka, maana herufi za juu ya stempu ni rahisi kughushiwa.

Stempu za baba mkubwa si za thamani kubwa sokoni. Zilikuwa za kawaida kabisa. Lakini watoto wake walikua wakiamini kwamba baba aliwatelekeza miaka ile. Jioni ile binti yake mkubwa alisoma barua ya kwanza kwa sauti. Baba alituma shilingi kumi, akaagiza nyavu zisiuzwe, na akasisitiza kwamba yeye, binti, asitolewe shule.

Dada yangu huyo alistaafu akiwa mwalimu. Aliikunja barua polepole, akauliza, "Zile nyingine zilisema nini?"

Hakuna aliyeweza kumjibu.