Mwenza akirudi chuoni, nyumba nzima inasoma

Saa mbili usiku chakula kipo mezani, lakini mama wa nyumba bado hajarudi. Mchana alikuwa zamu hospitalini, jioni ameketi darasani na mhasibu, mwalimu, ofisa mifugo na mwanasheria. Baba ndiye anayewapakulia watoto na kukagua madaftari yao.

Hali hii si ngeni katika familia ambazo mmoja wa wanandoa anasoma shahada ya uzamili huku akiendelea na kazi. Ugumu huongezeka pale shahada yenyewe inapochanganya taaluma mbalimbali. Mfano ni masomo ya maendeleo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako taasisi ya fani hiyo ilianzishwa mwaka 1973. Humo uchumi hukutana na siasa, historia na sosholojia.

Muuguzi anayeingia darasa kama hilo anaijua wodi vizuri, lakini kwenye nadharia za uchumi anaanza moja. Kitabu ambacho mchumi anakisoma kwa saa moja, yeye kinamchukua usiku mzima. Muda huo unatoka nyumbani.

Hata hivyo, vipindi vya darasani si kipimo kikubwa kwa ndoa. Vina ratiba na familia huvizoea. Kazi ni tasnifu, ambayo haina kengele ya kutokea. Kuna andiko la utafiti, vibali, safari za kukusanya takwimu, uchambuzi na masahihisho yasiyoisha. Msimamizi aliyebobea katika uchumi anaweza kudai takwimu zaidi, wa sosholojia akataka sauti za wananchi. Mwanafunzi akichelewa kumaliza, huweza kudaiwa ada ya nyongeza.

Hapo ndipo maneno huanza. Mume anaulizwa na ndugu zake kwa nini mkewe anachelewa kurudi. Mke naye anasikia kwamba anasoma ili aje kumdharau mwenzake. Akisoma mume, mke hubaki na mzigo wote wa nyumba, na wachache humuuliza kama amechoka. Ada ya chuo ikigongana na ada ya watoto ya Januari, kila shilingi hutafutiwa mkosaji.

Kinga ni kikao cha wawili kabla fomu ya maombi haijajazwa. Wakubaliane nani atawachukua watoto shuleni, fedha ipi haitaguswa, na siku gani ya wiki vitabu vitafungwa. Anayesoma aonyeshe ratiba ya masomo hadi mwisho, ukiwamo muda wa tasnifu, asitaje miezi ya darasani pekee. Anayebaki nyumbani naye aseme mapema asichokiweza.

Mada ya utafiti nayo ni suala la familia. Anayechagua jambo lililo karibu na kazi yake au makazi yake hupunguza nauli na usiku wa kulala mbali.

Tasnifu nyingi zina ukurasa wa shukrani, ambamo mwenza na watoto hutajwa kwa uvumilivu wao. Ukurasa huo huandikwa mwisho, kazi ikiwa imekwisha. Aliyepakua chakula peke yake miezi yote hiyo anahitaji kusikia asante jioni hiyo hiyo.