KUKOKOTA NDOANO: Namna jamaa nzima inavyovua samoni na trauti katika Ziwa Michigan



Sisi tunaokaa kando ya Kivu na Tanganyika hatuhitaji kufundishwa uvuvi ni nini. Kila mmoja wetu amekwisha kuona taa za wavuvi usiku, zikiangaza juu ya maji sawa mji mzima. Tunajua sambaza, tunajua ndagala, tunajua mikebuka. Lakini kuko uvuvi wa namna ingine ambao wengi kati yetu hawajausikia. Bato inatembea polepole wakati wa mchana, na nyuma yake inakokota ndoano nyingi, kila moja katika kina chake. Hakuna wavu mkubwa, hakuna taa. Na mara nyingi wavuvi wenyewe ni jamaa moja: baba, mama, watoto, pengine na babu yao.

Uvuvi huu unafanywa sana katika maziwa makubwa matano yanayokaa kati ya Marekani na Kanada. Leo tutaangalia moja tu, Ziwa Michigan. Tutaona kwanza ziwa lenyewe, kisha ginsi samaki walivyofika pale, kisha kazi. Mwisho tutajiuliza: hayo yote yanatuhusu nini?

1. ZIWA LENYEWE

Ziwa Michigan lina kilometre karibu 494 kwa urefu, na eneo lake ni karibu kilometre za mraba 58.000. Basi ni kubwa kuliko Tanganyika yetu, yenye karibu 32.900. Lakini kwa kina Tanganyika inalishinda mbali sana: Michigan inafika metre 281 tu, Tanganyika inafika metre 1.470.

Kuko tofauti ingine ya maana kwa mvuvi. Katika Tanganyika na Kivu, maji ya chini kabisa hayana oksijeni, kwa hiyo samaki wetu wanakaa katika sehemu ya juu tu. Katika Michigan sivyo. Kule kuna majira ya baridi kali, hata barafu inafunika kando za ziwa. Maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito, yanashuka, na maji ya ziwa yanachanganyika. Hivi oksijeni inafika mpaka chini, na samaki anaweza kuishi katika kina chochote. Ndiyo maana mvuvi wa kule anapaswa kujiuliza kila asubuhi: leo samaki wako kina gani?

2. SAMONI WALIFIKAJE PALE?

Samoni ni samaki wa bahari. Anazaliwa katika mto, anashuka baharini kula na kukomaa, kisha anarudi katika mto ule ule aliozaliwa, akiutambua kwa harufu ya maji yake. Samoni wa bahari ya Pasifiki akisha kutaga mayai, anakufa. Sasa amefikaje katika ziwa la maji matamu, mbali sana na bahari ile?

Zamani mkubwa wa Ziwa Michigan alikuwa trauti wa ziwa, samaki wa asili wa pale, anayependa maji ya baridi ya chini. Lakini watu walichimba mifereji ili meli zipite, na adui akapita pamoja na meli. Adui huyu anaitwa lamprei. Ana umbo sawa la nyoka, kinywa chake ni duara lenye meno, naye anajibandika kwenye mwili wa samaki na kunyonya damu yake. Alionekana katika Ziwa Michigan mwaka wa 1936. Kwa sababu ya lamprei, na kwa sababu wavuvi nao walikuwa wakivua kupita kiasi, miaka ya 1950 trauti wa asili walikuwa wamekwisha kabisa katika ziwa hili. Marekani na Kanada wakafanya mapatano mwaka wa 1954 ili wapigane na lamprei pamoja. Watu wa sayansi walipata dawa inayoua watoto wa lamprei katika mito bila kuua samaki wengi wengine. Mpaka leo dawa hiyo inatiwa katika mito. Siku watakapoacha, lamprei atarudi.

Lakini wakati trauti hayuko, nyumba ilibaki bila mwenyewe. Samaki mdogo wa bahari aitwaye alewaifu, ndugu wa mbali wa ndagala zetu, alikuwa ameingia pia, na mwaka wa 1949 akaonekana katika Michigan. Alizaa, akazaa, hakuna wa kumla. Mwaka wa 1967 alewaifu walikufa kwa wingi usiosemeka, wakajaa kwenye pwani, harufu yao ikafukuza watu.

Hapo bwana mmoja, Howard Tanner, aliyekuwa mkubwa wa kazi za samaki katika jimbo la Michigan tangu 1964, alikuwa amekwisha kuwaza hivi: ikiwa chakula kiko kingi, tulete mwenye kula. Mayai ya samoni wa namna ya koho yaliletwa kutoka Oregon, kwenye pwani ya Pasifiki. Watoto wake walifunguliwa katika mito mwaka wa 1966. Mwaka wa 1967 ikafuata namna ingine iliyo kubwa zaidi, chinuku, ambaye anaweza kupita kilo 10. Samoni walikula alewaifu, wakanenepa upesi, na watu wakaja kutoka kila upande kuwavua.

3. VYOMBO VYA KAZI

Jamaa inayokwenda kukokota ndoano inahitaji vitu hivi:

a) Bato yenye motere. Mwendo ni kilometre 3 mpaka 5 kwa saa, yaani sawa mtu anayetembea kwa miguu. Ukikimbia zaidi, samoni hafuati. Ukikawia zaidi, chambo kinalala bila uhai.

b) Fimbo za kuvulia, zenye kigurudumu cha kuzungushia kamba. Zinasimamishwa katika vishikio nyuma na kando ya bato.

c) Chambo cha uongo. Kinachojulikana zaidi ni kijiko cha chuma, chembamba, chenye rangi na kung'aa. Kikivutwa kinajipindapinda, na samoni anafikiri ni alewaifu aliyeumia.

d) Mashini ya kushushia uzito. Hii ndiyo siri ya uvuvi huu. Ni waya ya chuma iliyozungushwa kwenye gurudumu, na kwenye ncha yake kuko risasi ya mviringo ya kilo 4 ao 5. Kamba ya ndoano inabanwa kwenye waya ile kwa kibanio, sawa kile tunachobania nguo kwenye kamba. Unashusha risasi mpaka metre 20, na ndoano inakwenda pamoja nayo, inakokotwa katika kina kile kile. Samaki akiuma, kibanio kinaachia, na mvuvi anabaki na samaki wake tu, bila kuvuta uzito wa risasi.

e) Vibao vya kuelea. Vinavuta kamba mbali na bato, kuume na kushoto, ili kamba zisifungane, na ili samaki asiogope sauti ya motere.

f) Wavu mdogo wenye mkono mrefu, wa kumpokea samaki akisha kufika karibu.

4. KUTAFUTA KINA CHA SAMAKI

Samoni anapenda maji ya digri 10 mpaka 13 hivi. Wakati wa majira ya machipuko maji ya kando ndiyo yanayopata joto kwanza, basi samaki wanakuja karibu na pwani, hata karibu na uso wa maji. Wakati wa kiangazi maji ya juu yanapita digri 20. Chini yake kuko tabaka ambapo baridi inaanza ghafula: ukishusha kipimo metre chache tu, joto linaanguka sana. Samoni wanatafuta tabaka hilo, na trauti wa ziwa anakaa chini zaidi, mara nyingi karibu na sakafu ya ziwa.

Upepo nao una neno lake. Ukivuma siku nyingi kutoka inchi kavu, unasukuma maji ya moto kwenda mbali, na maji ya baridi yanapanda karibu na pwani pamoja na samaki. Wenzetu wa Tanganyika hawatashangaa: pepo za kusini za wakati wa kiangazi zinapandisha maji ya chini namna ile ile upande wa kusini wa ziwa lao.

Bato haiendi moja kwa moja tu. Inapinda. Ikipinda kuume, ndoano za kushoto zinakwenda mbio zaidi na za kuume zinapunguza mwendo. Samaki akiuma upande wa kushoto, mvuvi amekwisha kujua: leo wanataka mwendo wa haraka. Hivi ndivyo samaki mwenyewe anavyomfundisha mvuvi, ikiwa mvuvi anaangalia.

5. KILA MMOJA NA KAZI YAKE

Kwa uvuvi huu mtu mmoja peke yake anataabika. Mmoja anashika usukani, na hawezi kusimamisha bato ovyo, kwani kamba zote zitashuka na kufungana. Mmoja anaangalia fimbo. Macho ya watoto yanafaa sana hapa. Fimbo ikiruka, zamu ni ya nani? Jamaa nyingi wanapanga zamu mbele ya kuondoka, ili kusiwe ugomvi. Mwenye zamu anavuta, mwingine anaondoa kamba za karibu, mwingine anashika wavu. Chinuku akikimbia anaweza kwenda na kamba ya metre mia na zaidi, na mtoto anayemvuta anapaswa kusikia shauri: usilazimishe, mwache akimbie, akichoka zungusha. Wenye haraka wanakata kamba.

Wasio na bato wanaweza kulipa kapiteni mwenye ruhusa ya serikali, anayewapeleka kwa saa kadhaa. Na mtu wa miaka 17 na zaidi lazima awe na karatasi ya ruhusa ya kuvua. Tena si kila samaki ni wa kula bila kufikiri. Dawa za viwanda zilizotupwa zamani zinabaki katika mafuta ya samaki wakubwa, kwa hiyo wenye afya wanashauri watoto na mama wenye mimba wapunguze kula wale wakubwa, na wapishi waondoe mafuta na ngozi.

6. MAMBO MAWILI YA KUFIKIRI

La kwanza: ziwa halicheki na mtu. Mwaka ule wa 1967, samoni walipoanza kurudi kwenye mito, watu walishikwa na tamaa, wakatoka na vibato vidogo kabisa. Tarehe 23 Septemba dhoruba iliwakuta ziwani. Habari ya hali mbaya ya hewa ilikuwa imekwisha kutolewa, lakini samaki walikuwa wengi na watu hawakutaka kurudi. Watu saba walikufa. Leo, kwa sheria ya Michigan, mtoto aliye chini ya miaka 6 lazima avae koti ya kuelea akiwa juu ya bato iliyo wazi, na jamaa zenye busara zinavaa wote, hata baba anayejua kuogelea.

Na kwetu? Tarehe 3 Oktoba 2024 bato iliyotoka Minova ilipinduka karibu na Kituku, pale Goma, watu wakiwa wanaona pwani kwa macho. Wengi walikufa. Maji ya Kivu na maji ya Michigan yana sheria moja: bato isijazwe kupita kipimo chake, kila mtu awe na koti ya kuelea, na mawingu yakikataa, usitoke. Samaki wa leo atakuwako kesho.

La pili: kuleta samaki mgeni ni kama kuoa, siku ya arusi si mwisho wa mambo. Katika Ziwa Huron, jirani ya Michigan, alewaifu walikwisha karibu mwaka wa 2003 na 2004, na chinuku wakaanguka pamoja nao. Samoni walikuwa wengi kuliko chakula. Tena konokono wadogo wa magamba mawili, walioingia na meli kutoka Ulaya, walikuwa wakichuja maji na kula vijimea vidogo ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha alewaifu. Wakubwa wa kazi za samaki katika Michigan waliona mfano huo, na mwaka wa 2013 wakapunguza sana hesabu ya chinuku wanaofunguliwa. Wavuvi wengine walinungunika, lakini ni afadhali wachache wenye kushiba kuliko wengi wenye kufa njaa.

Sisi pia tunakula matunda ya shauri la namna hii. Sambaza si mzaliwa wa Kivu: alitolewa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, akawekwa katika Kivu ambako hapakuwa na samaki wa kula vile vidudu vinavyoelea katika maji ya katikati. Leo Bukavu, Goma na Idjwi wanakula. Lakini sambaza akivuliwa kwa chandarua cha mbu, mbele hajataga, nani ataleta mwingine? Kule Michigan kila mwaka watu wanahesabu samaki, wanapima chakula chao, kisha wanaamua. Hesabu hiyo inafanywa na vijana waliosoma biolojia na hesabu, masomo yale yale yaliyo katika madaftari yetu.

Basi, ndugu zangu, wakati wa vakansi mkirudi kwenu kando ya maji, waulizeni wazee wavuvi maswali haya matatu: samaki gani walikuwako zamani ambao leo hawaonekani? Matundu ya wavu yalikuwa na upana gani? Na samaki wanataga mwezi gani, upande gani wa ziwa? Andikeni majibu, muyalete. Mwalimu wa biolojia atafurahi, na sisi katika gazeti letu tutapata cha kuandika.