Sura ya Saba: Bunduki na Kura za Mtaani

Kila yanapotokea mauaji ya risasi Marekani, swali lile lile huulizwa vijiweni na redioni: kwa nini Rais wao hapigi bunduki marufuku? Naelewa linakotoka. Kenya na Tanzania kibali cha silaha hutolewa na mamlaka ya taifa, na sheria ni moja kutoka pwani hadi ziwani. Marekani haiko hivyo, na asiyelijua hilo ataifuatilia siasa ya bunduki miaka nenda miaka rudi bila kuona inapofanyikia.

Rais hana uwezo huo. Bunge la taifa lina uwezo kiasi, ila hukwama. Aprili 2013, miezi minne baada ya watoto 20 na watu wazima 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook, muswada wa kupanua ukaguzi wa wanunuzi ulipata kura 54 katika Seneti ukaanguka, kwa kuwa ulihitaji 60. Wachambuzi wengi walitangaza kwamba mjadala umekwisha. Walikosea. Ulikuwa umehamia kwenye mabunge ya majimbo, mabaraza ya miji, bodi za shule na uchaguzi wa masherifu, ambako sehemu kubwa ya mambo yanayomgusa mwenye bunduki huamuliwa: akaguliwe vipi, abebe wapi, akifika nyumbani aifungie wapi. Moms Demand Action, kundi ambalo Shannon Watts alilianzisha kwa ukurasa wa Facebook siku moja baada ya mauaji yale, lilikuja kujaza vikao hivyo wafuasi wake, na baadaye likaanza kuwafunza wagombee wao wenyewe.

Kuna dhana nyingine ninayokutana nayo karibu kila ninapozungumzia jambo hili: kwamba wanaharakati hawa wanataka kumnyang'anya kila mtu bunduki. Soma madai yao. Wengi wanaomba mnunuzi akaguliwe hata anaponunua kwa mtu binafsi, silaha ifungiwe mbali na watoto, na mahakama iweze kumwondolea silaha kwa muda mtu aliyeonyesha dalili za kujidhuru au kudhuru wengine. Vipengele viwili vya mwisho vina sababu ambayo televisheni haiisemi. Mwaka 2021 risasi ziliua watu 48,830 nchini humo, na 26,328 kati yao walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu! Usiku wa kukata tamaa hupita, na mtu aliyeuvuka akiwa hai anaweza kupata msaada. Bastola iliyo wazi kando ya kitanda haimpi nafasi hiyo. Ndiyo maana kufuli, jambo dogo lisilotangazwa, lina uzito kuliko hotuba nyingi.

Wengine huniambia Katiba imefunga mlango. Katika kesi ya Heller ya mwaka 2008, Mahakama ya Juu ilitambua haki ya mtu kuweka bastola nyumbani ili ajilinde. Hukumu hiyo hiyo, iliyoandikwa na Jaji Antonin Scalia, kipenzi cha wahafidhina, inasema haki hiyo ina mipaka, na inataja shule na majengo ya serikali. Ama wale wanaosema Wamarekani wamelaaniwa, au kwamba bunduki iko katika damu yao na hakuna litakalobadilika, huo ni upuuzi, na ni upuuzi wenye madhara, maana humfundisha mtu kukaa nyumbani siku ya kura.

Nilikusudia kuanzia hapa nipande ngazi kwa ngazi, kutoka bodi ya shule hadi bunge la jimbo. Lakini kila ngazi inanirudisha jimbo la Virginia, basi acha nikae Virginia.

Tarehe 7 Novemba 2017, katika wilaya ya 94, mjini Newport News, Shelly Simonds wa chama cha Democratic alishindana na David Yancey wa chama cha Republican kuwania kiti katika baraza la chini la bunge la jimbo. Kura ziliporudiwa kuhesabiwa, Simonds alishinda kwa kura moja. Kesho yake majaji watatu wakaichunguza karatasi moja iliyokuwa imekataliwa: mpiga kura alijaza miduara ya wagombea wote wawili, kisha akachora mstari juu ya ule wa Simonds. Wakaamua ni ya Yancey. Hesabu ikasimama 11,608 kwa 11,608. Tarehe 4 Januari 2018, jijini Richmond, majina mawili yaliwekwa ndani ya vikopo vya filamu, vikatiwa katika bakuli la kauri, na mwenyekiti wa bodi ya uchaguzi akachomoa kimoja. Kilikuwa cha Yancey. Republican wakalishika baraza hilo kwa viti 51 dhidi ya 49.

Angeshinda Simonds, ingekuwa 50 kwa 50, na sidai kwamba sheria zingepita papo hapo. Tazama tu kilichofuata. Tarehe 31 Mei 2019 watu 12 waliuawa katika jengo la manispaa ya Virginia Beach. Gavana Ralph Northam aliitisha kikao maalumu tarehe 9 Julai. Baada ya dakika 90 hivi wabunge wa Republican waliahirisha kikao bila kupigia kura muswada hata mmoja.

Novemba mwaka huo walijibiwa. Uchaguzi wa miaka ya witiri, usio na Rais wala gavana, kwa kawaida hupuuzwa. Wa 2015 ulivuta takriban asilimia 29 ya walioandikishwa, safari hii wakafika takriban 42. Democratic walitwaa mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo, na Simonds akakipata kiti. Kufikia Julai 2020 ukaguzi wa mauzo ya silaha, amri ya mahakama ya kumwondolea silaha mtu hatari, na adhabu kali zaidi kwa anayeacha bunduki mikononi mwa mtoto vilikuwa sheria.

Usidhani upande wa pili ulilala. Halmashauri zaidi ya 100 za Virginia zilijitangaza kuwa hifadhi ya haki ya silaha, na madiwani wakapigiwa makofi. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Mark Herring, alieleza kwamba matamko hayo hayana nguvu ya kisheria. Alikuwa sahihi: halmashauri haifuti sheria ya jimbo. Kanuni hiyo hiyo huwabana wanaharakati pia. Majimbo zaidi ya 40 yanaizuia miji kwa namna fulani kujitungia sheria za silaha. Florida, diwani anayethubutu anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 na gavana akamwondoa. Kwa hiyo mgombea udiwani anayeahidi kupiga bunduki marufuku mjini mwake, kwanza aulizwe sheria ya jimbo inamruhusu nini. Virginia ilifungua mlango huo mwaka 2020: miji na kaunti ziliruhusiwa kuzuia silaha katika majengo na bustani zao. Alexandria ilifanya hivyo mwaka huo huo, kisha Kaunti ya Fairfax.

Januari 2023, Newport News hiyo hiyo, mtoto wa miaka sita alimpiga risasi mwalimu wake darasani kwa bastola ya mama yake. Mwalimu alinusurika. Kabla mwezi haujaisha bodi ya shule, ambayo wajumbe wake huchaguliwa na wakazi, ilimwondoa mkuu wa shule zote za mji kwa kura 5 dhidi ya 1, na mashine za kugundua chuma zikapelekwa shuleni. Kuhusu bastola zilizo majumbani, bodi haina mamlaka ya kuingia vyumbani mwa watu. Inaweza kuwaandikia wazazi kuhusu wajibu wao wa kufungia silaha, kama bodi ya Los Angeles ilivyoazimia mwaka 2019, na barua hiyo nayo hupigiwa kura na wajumbe.