Kitenge cha Kikundi na Hadithi ya Asilimia Thelathini

Kitenge cha kikundi ni mchoro kwanza, kitambaa baadaye. Hilo husahaulika kila kwaya, SACCOS au umoja wa kina mama unapokaa kikao cha sare, iwe Mtendeni mjini Tabora, Nzega au Kigoma. Michango hukusanywa, rangi hubishaniwa hadi giza, kisha kitenge cha kikundi kingine hupelekwa kwa mchoraji pamoja na swali lile lile: kibadilishwe kiasi gani ili kisionekane kimeigwa? Jibu linalozunguka mitaani ni asilimia 30.

Asilimia hiyo haipo. Haimo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, wala katika Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994. Na hata ingekuwamo isingepimika. Asilimia 30 ya nini? Ya eneo la kitambaa, ya idadi ya maua, au ya rangi? Kinachoangaliwa si ukubwa wa kilichochukuliwa bali uzito wake katika kazi ya mwenyewe. Korongo aliyebuniwa kwa mkono na kuwekwa katikati ya duara anaweza kujaza sehemu ya kumi tu ya kitenge. Akinakiliwa yeye, kimechukuliwa kiini cha mchoro, hata kama sehemu tisa zilizobaki ni mpya kabisa. Kumgeuza atazame kushoto hakumfanyi korongo mwingine. Kutoa bluu na kutia kijani ni kunakili kwa kijani. Isitoshe, haki ya kuirekebisha kazi ni ya mwenye kazi, kwa hiyo marekebisho yanayotolewa kama utetezi ndiyo yenyewe yanayohitaji ruhusa.

Kuna ubaya mwingine ambao wanaoieneza hesabu hii hawautafakari. Mtu hawezi kuhesabu asilimia 30 bila kuwa na kitenge cha wenzake mezani. Akisema mbele ya kikao kwamba alibadilisha kiasi hicho, amekwisha kukiri alianzia wapi, na muhtasari wa kikao umeandikwa. Ushauri unaodaiwa kuwa kinga huishia kuwa ushahidi, na aliyeutoa, ambaye mara nyingi ni mtu anayetaka kazi ya kuchapa, hatakuwapo siku ya malalamiko.

Imani hii inadumu kwa sababu vitambaa viwili vinaweza kufanana bila wizi. Kisutu cha nyekundu, nyeusi na nyeupe hakina mwenyewe. Hali kadhalika umbo la korosho, madoa na mistari. Karne ya 19 misafara iliyopitia Kazeh, jirani na Tabora ya leo, ilibeba merikani, kaniki, barsati na debwani. Richard Burton, aliyefika hapo 1857, aliviorodhesha, na hongo, yaani ushuru wa kupita, ililipwa kwa shuka na doti za vitambaa hivyo. Hakuna kikundi kinachoweza leo kudai mstari wa barsati. Hata jina la kitambaa cha wote halitekwi kirahisi: kampuni moja ya Uingereza iliomba mwaka 2006 kusajili neno “kikoy” kuwa alama yake ya biashara, ikapingwa kutoka Kenya, na mpango huo ukaanguka. Wachoraji wawili waliochota kutoka hazina hiyo ya wote hawajaibiana, hata wafanane kwa asilimia 80.

Wengine huitaja Scotland, ambako shirika linaweza kusajili mpangilio wake wa miraba. Daftari la huko lipo kweli: liliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, likaanza kazi Februari 2009, na hutunzwa mjini Edinburgh. Mwombaji hutaja hesabu ya nyuzi za kila rangi na kuonyesha uhusiano wake na jina analolitumia. Lakini cheti chake hakimpi mtu umiliki. Ni kumbukumbu tu. Tanzania haina daftari la vitenge, na anayeuza cheti cha namna hiyo anauza karatasi.

Uchoraji wenyewe una mambo machache yasiyojadiliwa vikaoni. Mchoro wa kitenge hujirudia, kwa hiyo ukingo wake wa juu lazima uungane na wa chini bila mshono kuonekana. Kwa uchapaji wa skrini, kila rangi huhitaji skrini yake. Rangi nne zinatosha. Picha zikitazama upande mmoja, fundi atapoteza kitambaa akikata. Nembo kubwa ya kanisa, au sura ya kiongozi, itaangukia makalioni mwa mtu. Ifanywe ndogo na itawanywe, au kikundi kichague kanga, ambamo mji, pindo na jina vina mahali pake. Nembo ya Taifa haiguswi bila kibali.

Kuhusu ulinzi: hakimiliki huzaliwa mchoro unapochorwa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, husaidia kuweka ushahidi wa nani na lini. Mchoraji asaini mkataba wa kuhamisha haki, maana kumlipa hakumalizi ubishi. Rasimu zote zitunzwe na tarehe zake. Nembo na jina visajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara chini ya sheria ya mwaka 1986, kwa miaka 7 ya kwanza na kisha 10 kila inapohuishwa. Zanzibar ina msajili wake. Cheti cha jina la biashara si cheti cha alama. Anayetaka kulinda mwonekano wa kitambaa kama bidhaa aombe ARIPO, shirika la miliki ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, au Zanzibar chini ya sheria yake ya 2008, na aombe kabla sare haijavaliwa hadharani, kwani upya ndio unaolindwa. Kanga za “K.H.E. – Mali ya Abdulla” za Mombasa zilionyesha njia rahisi zaidi: alama ya mwenye kanga ilichapwa kwenye kanga yenyewe.

Mara nyingi kitenge hakivuji kwa mshindani bali kwa mchapaji. Kiwanda kiwe Dar es Salaam au India, mkataba utaje idadi ya mita, nani anabaki na skrini, na kwamba ziada haiendi sokoni.