Kura Huokolewa Darasani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulikusudiwa wafanyabiashara, lakini mimi sioni mali ya umma inayoustahili zaidi ya kura. Tarehe 10 Agosti 2027 Wakenya watapanga foleni tena, na kila penye watu wawili mazungumzo huwa ni juu ya makamishna, mitambo na mawakili. Katika makala haya ningependa kuwarejesha wasomaji, hasa walimu na wanafunzi, mahali ambapo uchaguzi hufanyika kwa hakika: darasani.

Mimi ni mkazi wa Woodley, mtaa ulio baina ya barabara ya Ngong na Kibera. Wadi yetu ya Woodley/Kenyatta Golf Course ni mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Kibra. Hapa kwetu, kama kwingineko nchini, aghalabu kituo cha kupigia kura ni chumba cha shule. Katika chumba kile kile ambamo mtoto hufanya hesabu zake muhula mzima, kura humwagwa mezani usiku wa uchaguzi na kuhesabiwa moja baada ya nyingine.

Haikuwa hivyo tangu hapo. Mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wananchi walipanga mlolongo nyuma ya wale waliowataka. Watu walipotawanyika, hapakusalia hata karatasi moja ya kutoa ushahidi. Lililobaki ni neno la ofisa. Mwaka 1992 na mwaka 1997 karatasi zilikuwapo, lakini masanduku yalisafirishwa hadi kituo kimoja cha kuhesabia katika kila eneo bunge, na safari hiyo ikazaa shaka. Isitoshe, mwaka 1997 vifaa vilichelewa sehemu nyingi hata upigaji kura ukaongezwa siku ya pili. Ni mwaka 2002 ndipo kura zilipohesabiwa pale pale zilipopigwa, na nchi ikashuhudia chama tawala kikiondoka madarakani kwa amani.

Hata hivyo, kuhesabu vyema darasani hakutoshi iwapo hesabu yenyewe inaweza kugeuzwa njiani. Mwaka 2007 tulijifunza hilo kwa machozi. Tume ya Jaji Kriegler, iliyouchunguza uchaguzi huo, ilikuta ujumlishaji umevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kubainisha nani alishinda kiti cha urais. Daftari la wapiga kura lilikuwa na majina ya marehemu wapatao milioni 1.2. Zaidi ya Wakenya 1,100 walipoteza maisha katika ghasia zilizofuata. Nani basi atathubutu kusema kwamba usimamizi wa uchaguzi ni jambo la makarani tu?

Katiba ya mwaka 2010 iliagiza kwamba matokeo yatangazwe kituoni na msimamizi wa kituo. Mwezi Juni 2017, katika kesi iliyowasilishwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba matokeo hayo ya kituoni ndiyo ya mwisho, wala hapana mkubwa awezaye kuyabadilisha. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais, mojawapo ya sababu ikiwa kasoro katika fomu na katika namna matokeo yalivyopelekwa. Mwaka 2022 fomu 34A za vituo 46,229 ziliwekwa hadharani, na mwanafunzi yeyote mwenye simu aliweza kujijumlishia. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo ya mwisho; lakini mahakama ilipozilinganisha fomu, haikuona tofauti kubwa baina ya zile za hadharani na zile halisi. Vigogo walizozana, nalo daftari likabaki.

Wapo wasemao kwamba mwizi wa kura hayuko darasani, bali yuko juu, kwa hiyo tunapoteza wakati kumtazama karani. Nakubali kwamba yaweza kuwa hivyo. Lakini aliye juu atanaswa kwa ushahidi gani kama si ile karatasi iliyojazwa chini?

Msomaji asidhani kwamba haya ni maradhi ya nchi maskini. Mwaka 2000 nchini Marekani, urais uliamuliwa kwa tofauti ya kura 537 katika jimbo la Florida. Katika wilaya ya Palm Beach mpangilio wa karatasi uliwachanganya wapiga kura, na kwingineko kadi zilizotobolewa nusu nusu ziliwashinda wahesabuji kuzisoma. Taifa lililopeleka watu mwezini lilikwazwa na tundu la karatasi! Miaka miwili baadaye bunge lao lilipitisha sheria ya kuyapa majimbo fedha za kubadilisha mashine na kuimarisha usimamizi.

Sisi nasi tuanzie kwenye jambo dogo. Wasimamizi wa vituo na makarani ni watumishi wa muda, wengi wao wakiwa walimu na vijana wenye elimu wasio na ajira. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo watu wale wale wanahesabu kura za nyadhifa sita, usingizi ukiwapiga. Naona inafaa wateuliwe mapema, wafanye mazoezi ya kujaza na kujumlisha fomu halisi badala ya kusomewa kanuni, na waletewe kikosi cha pili cha kuhesabu. Kadhalika, tume isiachwe tena bila makamishna, kama ilivyoachwa tangu Januari 2023 hadi Julai 2025.

Lakini lipo ambalo halihitaji fedha wala sheria mpya. Mwalimu wa hesabu anaweza kuleta darasani nakala ya fomu 34A, akawauliza wanafunzi: je, kura za wagombea wote zikijumlishwa zinalingana na kura halali? Je, zimezidi idadi ya waliosajiliwa? Ni hesabu ya kujumlisha tu. Mwanafunzi wa leo mwenye umri wa miaka kumi na saba atakuwa mpiga kura mwaka 2027, na pengine karani. Akiwa anajua kuisoma karatasi iliyobandikwa mlangoni, hatahitaji kuambiwa na mwanasiasa kama ameibiwa au la.