MAANA YA NENO "MKUNJUFU"

Mara nyingi mtu apendaye kuzungumza na wenzake huitwa mcheshi, au mchangamfu, au mkunjufu, kana kwamba maneno hayo matatu ni mamoja. Yanakaribiana, lakini si sawa, na aandikaye barua ya kumsifu mtu anayetafuta kazi yampasa aijue tofauti yake.

Asili ya "mkunjufu" ni kukunjua, ambako ni kinyume cha kukunja, kama vile kufungua kulivyo kinyume cha kufunga. Mgeni afikapo, mkeka uliokunjwa hukunjuliwa apate kuketi. Na uso ni vivyo hivyo: mwenye hasira huukunja, na mwenye furaha ya kuonana na mwenziwe huukunjua. Basi mtu ambaye uso wake na moyo wake vi wazi kwa kila amjiaye, huyo ndiye mkunjufu. Husemwa: mtu mkunjufu, watu wakunjufu, moyo mkunjufu, mioyo mikunjufu, nyuso kunjufu. Sifa yenyewe ni ukunjufu.

"Mcheshi" limetokana na kucheka. Ni mtu wa mzaha na maneno ya kufurahisha. "Mchangamfu" limetokana na kuchangamka. Ni mtu mwepesi, asiyezubaa katika mazungumzo wala kazi. Hata soko lililojaa watu husemwa kuwa limechangamka. Lakini mkunjufu aweza kuwa mtu wa maneno machache. Tofauti hii huonekana sana matangani: mcheshi hana budi kuuzuia mzaha wake, bali mkunjufu hana la kuzuia, na wafiwa hupata faraja kwa kuketi naye tu.

Tena, ukunjufu si ukarimu. Mkarimu hutoa alicho nacho. Lakini tajiri aweza kutoa vingi huku amekunja uso, na mgeni akaondoka na uchungu. Maskini asiye na kitu ila maji ya kunywa aweza kumpokea mgeni kwa moyo mkunjufu, na mgeni akatamani kurudi.

Kwa hiyo, mhudumu wa zahanati akisifiwa katika barua kuwa ni mcheshi, huenda msomaji akadhani ni mtu wa kufanya mzaha mbele ya wagonjwa. Akiandikwa kuwa ni mkunjufu, itafahamika mara moja kwamba mwenye shida hataogopa kumwendea.