Khalifa Aliyebeba Nguo Sokoni

Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, watu hudamka alfajiri kwenda kukata maua mashambani. Huko kijana mmoja, mtu wa kwetu pwani, aliniuliza: "Maalim, hao makhalifa walikula jasho la nani?"

Sayyidna Abubakar (R.A.) alikuwa mfanya biashara wa nguo. Aliposhika ukhalifa mwaka 632, yasimuliwa kuwa alitwaa nguo zake begani akaelekea sokoni. Sayyidna Umar (R.A.) akamzuia: nani basi atayatazama mambo ya Waislamu? Ndipo akakatiwa posho katika Baitulmali, ya kumtosha yeye na watu wake. Alipokaribia kufa, mwaka 634, aliusia posho hiyo irudishwe. Umar akalia, akasema amewachosha watakaomfuata.

Manabii nao walifanya kazi. Daudi alifua chuma. Musa alichunga wanyama miaka minane au kumi, ikawa ndiyo mahari yake.

Basi, ndugu msomaji, mkata maua asidharauliwe. Na aliyemwajiri asimcheleweshee haki yake, kwani Mtume wetu (S.A.W.) ameagiza mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka.